Ugonjwa wa "Mia Fulu" Kwenye Seva Zetu

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Nataka kuzungumzia kitu kidogo sana, mstari mmoja tu uliojificha ndani ya mipangilio ya juu ya kadi ya mtandao ya seva, na jinsi mstari huo unavyotugharimu hapa kwetu Homa Bay na Migori.

Mstari wenyewe ni ule wa kasi na dupleksi. Ukiufungua utakuta orodha: oto, 10 nusu, 10 kamili, 100 nusu, 100 kamili, na kuendelea. Kuna mafundi, na si wachache, ambao kila wakifunga seva mpya ni lazima waingie pale, waondoe oto, waweke 100 kamili. Wenyewe wanaiita "mia fulu". Muulize fundi kwa nini amefanya hivyo, atakwambia: "Seva haitakiwi kubahatisha." Basi. Hoja imeisha hapo, anafunga begi lake anaenda kupanda matatu.

Mimi nasema hivi: katika ofisi zetu nyingi, mia fulu ndiyo kubahatisha kwenyewe. Tena ni kucheza kamari ukiwa umeshaona karata na unajua utaliwa. Nitaeleza kwa nini, na asiyekubali aje na hoja, si kelele.

Nianze na historia, maana ushauri huu haukutoka hewani. Etheneti ya zamani ya megabiti 10 ilifanya kazi kama redio za upepo za polisi. Mmoja anaongea, mwingine anasikiliza, anayemaliza anasema "ova". Wawili wakiongea pamoja, maneno yanagongana na kila mmoja anarudia. Hiyo ndiyo nusu dupleksi. Mwaka 1995 kiwango cha IEEE kinachoitwa 802.3u kilileta Etheneti ya megabiti 100, na pamoja nayo kikaleta utaratibu wa vifaa viwili kuulizana vikiunganishwa: wewe unaweza kasi gani, unaweza kuongea na kusikiliza kwa pamoja kama simu, au ni redio? Huo utaratibu ndio oto. Miaka ile ya mwanzo vifaa vya kampuni tofauti vilitafsiri maandishi yale kila kimoja kivyake, na kadi ya huyu ilikuwa inashindwa kuelewana na swichi ya yule. Fundi wa mwaka 1997 aliyechoka na ugomvi huo, akafunga kasi kwa mkono pande ZOTE MBILI, alikuwa na haki kabisa. Namvulia kofia.

Lakini maandishi hayo yalirekebishwa mwaka 1998. Na mwaka 1999 kilipotoka kiwango cha gigabiti juu ya kebo ya shaba, 802.3ab, oto haikuwa hiari tena. Gigabiti inahitaji pande mbili zikubaliane ni nani atakayetoa saa ya mapigo na nani atakayeifuata, na makubaliano hayo hufanyika ndani ya oto. Maana yake ni kwamba ushauri wa "funga kwa mkono" uliisha muda wake zaidi ya miaka 25 iliyopita. Mimi sijafika miaka thelathini. Ushauri huu ni rika langu, na bado kuna watu wanautembeza kama habari mpya!

Sasa tuje kwenye kiini. Ukizima oto upande wa seva, na swichi ikabaki kwenye oto, nini hutokea? Swichi inauliza, hajibiwi. Kwa kuangalia aina ya mawimbi yanayokuja kwenye waya inaweza kutambua kwamba kasi ni 100. Dupleksi haiwezi kuitambua kwa njia hiyo. Na kiwango kinaiamuru wazi: usipojibiwa, chukua nusu dupleksi. Kwa hiyo seva inaongea kama mtu aliye kwenye simu, muda wowote anaotaka, na swichi inaongea kama polisi wa redio anayesubiri "ova". Swichi ikiwa katikati ya kutuma, seva nayo inaanza kutuma. Swichi inaona mgongano, inakatiza fremu yake katikati. Seva inapokea kipande cha fremu, inakihesabu kama kosa la CRC na kukitupa. Seva haijui hata kama kuna mgongano, maana kwake hiyo kitu haipo.

Na hapa ndipo panaponiuma. Zile swichi ndogo za milango minane au kumi na sita tunazonunua madukani Kisumu, Homa Bay mjini, Migori, hazina mipangilio yoyote. Huwezi kuingia ndani yake ukaziambia "nanyi wekeni mia fulu". Zipo oto tangu kiwandani hadi zitakapoungua. Kwa hiyo ukifunga seva upande mmoja ukaichomeka kwenye swichi ya aina hiyo, umetengeneza kutoelewana kwa mkono wako. Kuna draiva chache zenye busara ambazo ukichagua 100 kamili huendelea kuulizana na kutaja chaguo hilo moja tu, na hizo zitakuokoa. Lakini nyingine zinanyamaza kabisa, na kwenye skrini zote mbili zinaonekana sawasawa. Nani anabahatisha sasa?

Nadhani najua wazo hili linavyoingia vichwani. Tunafundishwa, na ni sahihi, kwamba seva inapewa anwani ya IP isiyobadilika. Basi mtu anachukua kanuni hiyo anaipaka kila mahali: seva ni kitu cha kufungwa, kila kitu kifungwe. Anwani ni jina, na jina lako unalijua bila kumuuliza jirani. Kasi na dupleksi ni mapatano ya watu wawili. Huwezi kwenda kupatana mahari peke yako nyumbani, halafu ukwe ushangae umekuja na bei gani.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba haumuui mgonjwa. Ungeua tungeutafuta siku hiyo hiyo. Pingi inapita safi, kwa sababu pingi ni paketi ndogo moja inayokwenda na kurudi kwa zamu, hakuna wa kugongana naye. Ukurasa wa kuingia unafunguka. Fundi anaonyesha mkubwa wa ofisi pingi nne zimerudi chini ya milisekunde moja, anawekewa sahihi, analipwa. Shida inaanza data ikiwa nyingi, ikienda upande mmoja huku majibu ya kupokea yakirudi upande mwingine kwa wakati ule ule. Fremu zinapotea, TCP inadhani barabara ina msongamano, inapunguza mwendo, inapoteza tena, inapunguza tena. Kadiri watu wanavyoingia kazini ndivyo inavyozidi. Saa moja asubuhi mfumo ni mwepesi, saa nne unajikokota, saa kumi jioni umepona. Kisha watu wanasema "ni mfumo mbovu" au "ni virusi".

Na sisi tunaoandika programu ndio tunaotukanwa! Hii ndiyo sababu mwandishi wa programu anakaa hapa kuandika kuhusu kadi za mtandao.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2024 niliitwa kwenye kituo kimoja cha afya ndani ya Kaunti ya Homa Bay, sitakitaja jina. Mnajua kaunti hii na ya Migori kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zenye kiwango cha juu cha VVU nchini, kwa hiyo kliniki ya matunzo hujaa. Kituo kinatumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, ule mradi ulioanza mwaka 2004 ambao mizizi yake iko Eldoret kwa kiasi kikubwa. Kumbukeni jambo moja kuhusu mfumo huu: katika vituo vingi seva iko pale pale ndani ya jengo. Karani akibonyeza jina la mgonjwa, ombi halipandi kwenda Nairobi wala Ulaya. Linapita kwenye kebo, linaingia swichi, linafika kwenye seva iliyo chumba cha pili. Hata intaneti ikatike wiki nzima, mgonjwa anapaswa kuhudumiwa.

Pale nilikuta jalada la kila mgonjwa mwenye historia ndefu linachukua dakika nzima kufunguka, wakati mwingine linakataa. Kina mama walikuwa kwenye benchi hadi nje ya mlango. Sista wa zamu alikuwa amesharudi kwenye rejesta ya karatasi, na akiniona na kompyuta yangu mkononi akanichangamkia hivi: "Kijana wangu, kama umekuja kutufundisha tena jinsi ya kubonyeza, rudi tu. Tunajua kubonyeza." Sikuwa na jibu. Anajaza karatasi mchana, halafu jioni anabaki kuingiza yale yale kwenye kompyuta ili ripoti ya MOH 731 ya mwisho wa mwezi itoke. Kazi mara mbili, mshahara mmoja.

Kituo kilikuwa tayari kimeandika barua kuomba intaneti kubwa zaidi, na seva mpya. Hapo ndipo nilitaka kulia. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009 tumezoea kufikiri kwamba kasi yote hutoka baharini, na kwamba dawa ya kila kitu kinachojikokota ni kuongeza megabiti. Na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF na madai ya hospitali yakawa ya mtandaoni, ombi la intaneti linapita haraka zaidi mezani. Sipingi intaneti kubwa. Lakini ungeleta faiba nzima ya Mombasa ukaimwaga mlangoni mwa kituo kile, jalada la mgonjwa lingechukua dakika ile ile moja, kwa sababu halipiti huko!

Kuingia kwenye seva kulichukua siku tatu, si kwa ugumu wowote, bali kwa sababu nywila alikuwa nayo fundi wa kampuni iliyoshinda tenda na simu yake ilikuwa haipatikani. Tulipoipata niliandika amri moja:

ethtool eno1

Jibu: kasi 100, dupleksi kamili, oto imezimwa. Swichi ilikuwa ya dukani, ya milango kumi na sita, isiyo na mipangilio. Nikaendesha `ethtool -S eno1` na kutazama mistari ya makosa ya CRC, namba zikiwa zinapanda mbele ya macho yetu kila karani anapofungua jalada. Kunakili faili la megabaiti 200 kutoka seva hadi kompyuta ya mapokezi kulipita dakika kumi. Kwa megabiti 100 zilizo na afya, kazi hiyo haizidi nusu dakika.

Nikarudisha oto:

ethtool -s eno1 autoneg on

Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo utamu wa hadithi ulipo. Mtandao ulikatika kabisa. Taa ya kadi ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Nadhani hicho ndicho alichokiona yule fundi siku ya kwanza. Aliona oto "inasumbua", akafunga mia fulu, taa ikatulia, akaenda zake.

Ukweli ulikuwa kwenye kebo. Etheneti ya 100 inatumia waya nne tu kati ya nane zilizo ndani ya kebo: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Gigabiti inatumia zote nane. Mazungumzo ya oto yenyewe hupita kwenye zile waya nne za mwanzo, kwa hiyo kadi na swichi zinakubaliana vizuri "twende gigabiti", halafu zikijaribu kwenda zinagundua waya mbili hazifiki upande wa pili, zinavunja, zinaanza upya. Tulivuta kabati la dawa tukakuta kebo imebanwa nyuma yake hadi imekunjika, na ni zile kebo za bei rahisi ambazo ndani si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba, ukizikunja mara mbili zinakatika. Tukavuta kebo nyingine ya shaba tupu, tukabana vichwa upya. Taa ikatulia yenyewe kwenye 1000. Faili lile lile la megabaiti 200 likapita kwa sekunde tatu hivi. Mfumo ni ule ule, seva ni ile ile, na intaneti pia.

Kwa hiyo mia fulu haikutibu kitu. Ilikuwa ni mtu aliyeona taa ya onyo kwenye dashibodi ya gari akaibandika plasta. Oto ilikuwa inajaribu kusema kebo imekufa, naye akainyamazisha.

Msidhani ni mstari huo mmoja tu unaochezewa. Migori mjini, ofisi moja ya akiba na mikopo ilikuwa na tatizo la nakala za usiku. Kazi inaanza saa sita, inasema imeunganishwa, halafu inaganda hadi asubuhi. Mtu alikuwa amesoma mahali kwamba fremu za jumbo zinaongeza kasi, akaweka MTU 9000 kwenye seva na kwenye kisanduku cha kuhifadhia nakala. Pande zote mbili safari hii, hongera! Lakini katikati kulikuwa na swichi isiyopitisha fremu kubwa kuliko zile za kawaida za 1500. Salamu za mwanzo ni fremu ndogo, zinapita. Mzigo wenyewe ukija, swichi inautupa bila kusema neno. Jaribio lake ni la sekunde moja:

ping -M do -s 8972 anwani-ya-pili

Hiyo 8972 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya paketi inafika 9000. Ikirudi, jumbo inapita. Isiporudi, rudisha 1500 uende ukalale. Kwa ofisi yenye kompyuta kumi na mbili faida ya jumbo hutaiona hata kwa darubini.

Kuna pia wale wanaozima kazi zote za kadi, yaani zile hesabu za cheksamu na ukataji wa data vipande ambazo kadi huifanyia prosesa. Wanafungua Wireshark kwenye seva yenyewe, wanaona kila paketi inayotoka ina cheksamu mbovu, wanashtuka. Jamani, Wireshark imeinasa paketi kabla kadi haijaandika ile cheksamu! Haina ubovu wowote.

Sasa nisije nikaambiwa nasema mtu asiguse kitu kamwe. Zipo sababu halali. Kwenye seva nazima ile ruhusa ya Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme, na nikiona kiungo kinakatika bila sababu kwenye swichi fulani nazima pia ule uokoaji wa umeme wa Etheneti uliokuja na 802.3az mwaka 2010. Waliokuwa wakiendesha Hyper-V juu ya Windows Server 2012 na kadi za gigabiti za Broadcom watakumbuka ile VMQ iliyofanya mashine pepe zitambae kama konokono. Microsoft wenyewe walikiri tatizo hilo, na kuizima kulikuwa dawa sahihi hadi draiva ilipotengenezwa. Na ukiwa na swichi ya kusimamiwa, na kifaa cha mbali ambacho kweli kimefungwa na huna uwezo nacho, basi funga na upande wako kifanane nacho. Tofauti ni kwamba katika mifano yote hii kuna tatizo lililopimwa, kuna kadi inayojulikana, na kuna upande wa pili uliotazamwa.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Ofisi za TEHAMA za kaunti zisiweke sahihi ya kupokea seva kwa sababu ya pingi nne. Zidai faili kubwa linakiliwe mbele yao, kutoka seva hadi kompyuta ya mwisho kabisa ya jengo, saa ya kazi, wakiwa wameshika saa mkononi. Zidai karatasi moja yenye kila mpangilio wa kadi uliobadilishwa kutoka kiwandani, na sababu yake. Na nywila ya seva ibaki kituoni ndani ya bahasha, isiondoke na matatu. Vyuo navyo vijitazame: mimi nilikaa miaka minne nikichora zile tabaka saba za OSI kila muhula, na hakuna siku mtu aliniambia nifungue kadi nitazame kaunta za makosa.

Wewe uliye Oyugis, Kendu Bay, Mbita, Rongo, Awendo au Isebania na una seva inayolaumiwa, usisubiri mimi. Kwenye Linux endesha `ethtool` na jina la kadi yako, kisha `ethtool -S`. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapterAdvancedProperty`, usome mstari wa kasi na dupleksi. Ukikuta 100 kamili na swichi yako ni ya dukani, tafuta kebo nzuri kwanza uiweke tayari, subiri wagonjwa au wateja waondoke, ndipo urudishe oto. Ukifanya saa nne asubuhi na kebo ikawa mbovu, sista atakufukuza, na mimi sitakutetea.